Shemeji Vistari na Amri ya Kutafuta Ndugu

Watu wakisikia kwamba kazi ya shemeji yangu ni kuandika amri, hudhani ni askari. Halafu wakimwona mwenyewe, mwanamke mfupi wa miaka arobaini, miwani imegandishwa kwa gundi upande mmoja, mkoba umejaa penseli na karanga, wanacheka. Wacheke tu. Mimi nimefanya naye kazi ofisi moja, na siku ya Alhamisi moja, saa nne na robo asubuhi, alinifanya nipige kelele mpaka mlinzi akaja mbio akidhani tumevamiwa. Tangu hapo nikimsikia mtu anamcheka shemeji yangu, namkalisha chini na kumsimulia haya yote, apende asipende.

Ofisi yetu inatafuta watu waliopotezana na ndugu zao. Mtu anakuja na habari zake: vita, mafuriko, njaa, au baba aliyehama na watoto wawili akaacha wawili. Anajaza fomu. Anamtafuta nani, walipotezana mwaka gani, anakumbuka nini. Sisi tunailinganisha fomu yake na fomu za matawi yetu kumi na moja, kwa sababu mara nyingi anayetafutwa naye yuko mahali fulani anatafuta. Mimi ni karani wa mapokezi. Nina miaka ishirini na sita kwenye meza hiyo, na kama nina sifa moja ninayoweza kujivunia bila kutia chumvi, ni hii: siachi nafasi tupu kwenye fomu. Huna simu? Andika "sina." Hujui? Andika "sijui." Nimewahi kumrudisha mwalimu mkuu mzima mwisho wa foleni kwa sababu ya nafasi moja aliyoiruka. Alinuna, lakini alirudi ameijaza.

Shemeji yangu ni mdogo wake mke wangu. Nilipooa alikuwa na miaka kumi na minne, na wiki ya kwanza kututembelea aliifungua redio yangu yote, akaitandaza kwenye mkeka, akairudishia na skrubu mbili zikabaki. Nilifoka vibaya sana. Redio ikawashwa, ikalia vizuri kuliko siku niliyoinunua. Mke wangu akasema, "Huyu mdogo wangu akiwa kimya, ujue kuna kitu anakifungua." Ndivyo alivyo mpaka leo.

Kwa miaka kumi na mitano alikuwa kwenye kibanda cha kuchapa na kutoa fotokopi. Alichapa barua za kuomba kazi, risala za harusi, ratiba za mazishi. Baina ya mteja na mteja alikaa na simu yenye kioo kilichopasuka, akitazama masomo ya kutengeneza tovuti. Hakumwambia mtu. Sisi tulidhani anatazama tamthilia. Siku moja akaja nyumbani na kompyuta ya mkononi iliyokuwa imekosa herufi mbili kwenye kibodi, akaniambia, "Shemeji, nipe orodha ya majina ya watoto wote wa ukoo, na umri wao." Nikampa. Baada ya dakika kumi akanionyesha nani wanalingana umri, nani siku zao za kuzaliwa ziko mwezi mmoja, na nani aliandikwa mara mbili. Aliyeandikwa mara mbili alikuwa mwanangu. Nilikasirika, nikacheka, na wiki iliyofuata nikampeleka kwa mkuu wetu wa ofisi.

Wakati huo kutafuta jina moja kulichukua wiki tatu. Tuliandika barua kwa matawi, matawi yakafungua makabati, vumbi, chafya, majibu yakarudi yamelowa. Shemeji alipoajiriwa alitumia mwaka mzima kuingiza mafaili yote kwenye tovuti ya ofisi. Tovuti yenyewe ameijenga juu ya kiunzi ambacho wataalamu wengi hutumia, yaani mifupa ya nyumba iliyokwisha kusimamishwa, wewe unaleta kuta na milango. Na uzuri wa kiunzi hicho, alinieleza huku macho yanamng'aa, ni kwamba kinakuruhusu kukiundia amri zako mwenyewe. Hubofyi popote. Unafungua dirisha jeusi, unachapa jina la amri na maelekezo yake, unagonga kitufe, kazi inafanyika.

"Maelekezo ya nini tena?" nilimuuliza. "Si umeshaiamuru?"

"Shemeji, ukimwambia mtu 'nenda dukani' tu, atarudi na nini?"

"Na anachotaka yeye."

"Ndiyo hivyo hivyo. Lazima umwambie alete nini, kiasi gani, na asipokikuta afanye nini. Amri bila maelekezo ni kumtuma mtu dukani mkono mtupu."

Amri yake aliiita tafuta_ndugu. Baada ya hapo unachapa vistari viwili na neno jina, halafu jina la anayetafutwa. Vistari viwili na neno umri, halafu namba mbili, umri wa chini na wa juu. Vistari viwili na neno mwaka, halafu mwaka waliopotezana. Vistari, vistari, kila mahali vistari. Ofisi nzima ikaanza kumwita Vistari, na yeye akaitika. Aliipenda amri ile jamani. Alitembea nayo mdomoni. Akija kula kwetu atasema, "Nimeiongezea kitu: ukisahau jina inakuambia umesahau, haikimbii ovyo." Mke wangu anamwambia meza chakula kwanza, yeye anaendelea kueleza.

Na amri ilifanya kazi! Miezi miwili ya mwanzo alikuwa anaiendesha mwenyewe, chumba cha nyuma, mimi nampelekea fomu. Tulipata watu kumi na tisa. Kumi na tisa! Zamani hao ni wa miaka mitatu. Kila akipata mmoja alikuja mapokezi akiruka kama mtoto, ananipiga begani, "Shemeji, huyo! Huyo hapo! Piga simu!" Nami nilipiga pale pale. Sijawahi kufurahia kwenda kazini namna ile.

Kisha mkuu akasema amri igawiwe makarani wote, kila tawi litafute lenyewe. Hapo mimi nikatoa ombi langu. Nilimwambia shemeji kuwa tuna makabati mawili: mafaili yaliyo wazi, ya watu wanaotafuta mpaka sasa, na mafaili yaliyofungwa, ya waliokwisha kupatana, waliofariki na waliokata tamaa. Karani naye mara moja moja anahitaji kuchungulia kwenye yaliyofungwa. Akasema hilo jambo dogo. Jioni hiyo hiyo akaongeza elekezo jipya, vistari viwili na neno yaliyofungwa. Ukilitumia, amri inatafuta kwenye kabati la yaliyofungwa. Usipolitumia, inatafuta kwenye yaliyo wazi. Alilijaribu kwa kuandika "ndiyo" mbele yake, likafanya kazi. Akalijaribu kwa kuliacha, likafanya kazi. Akanipa.

Mimi ndiye niliyewafundisha makarani wa matawi yote kumi na moja, kwa simu, mmoja mmoja. Nilijiona mkubwa kweli.

Miezi ikapita, na kupatikana kwa watu kukapungua. Mwezi mmoja mtu mmoja. Mwezi mwingine hakuna. Nilijifariji kwamba wale rahisi tumeshawamaliza, waliobaki ni wagumu. Shemeji alikuwa amepewa kazi nyingine ya picha za zamani, hakuja tena mapokezi kuruka. Nilipomweleza alisema, "Labda," akakunja uso, akarudi kwenye picha zake.

Sasa nimtaje Mama Funguo. Huyu ana kibanda nyuma ya kituo cha mabasi, anachonga funguo na kutengeneza vitasa, vidole vyake vyeusi kwa grisi hata akinawa. Anamtafuta mdogo wake wa kiume. Mwaka wa mafuriko yeye alikuwa na miaka kumi na miwili na mdogo wake mitano. Wazazi walikuwa wameshachukuliwa na maji. Watu walikuwa wanapakiwa kwenye malori, na yeye na mdogo wake wakapotezana pale pale penye malori. Miaka thelathini na moja. Kila Jumanne alikuja mapokezi, anavua kofia, anasema, "Kaka karani, shikamoo. Kuna neno?" Nami nachapa amri, nangoja, nasema, "Marahaba, dada. Bado."

Ofisi ina kanuni. Faili likimaliza mwaka bila jibu, linafungwa, na mwenyewe haruhusiwi kufungua jingine mpaka ipite miaka miwili, ili walio kwenye foleni nao wapate nafasi. Mwaka wa Mama Funguo ulikuwa unaisha Ijumaa. Nilimwita Alhamisi aje kutia saini. Sikulala vizuri, nasema kweli. Kwa umri wangu nimewafungia watu mafaili mengi, lakini huyu alikuwa ananisalimia kila Jumanne.

Akaja saa nne kamili. Nilimwekea kiti. Karatasi ya kufunga faili ilikuwa mezani, kalamu juu yake. Alishika kalamu, akaiweka, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Kaka, unaweza kuitazama mara moja ya mwisho? Ili nikitia saini nijue nimetazama."

Wakati huo huo shemeji alikuwa ametoka chumba cha nyuma kuchukua karatasi za printa, kabati lake liko nyuma ya kiti changu. Mimi sipendi kutazamwa nikichapa. Makarani wenzangu wanajua hilo, hata mkuu analijua. Kwa hiyo katika miezi yote ile saba, shemeji hakuwahi kuniona nikiiendesha amri yake. Siku hiyo alisimama tu na bunda la karatasi kifuani, kwa sababu alimwona Mama Funguo analia.

Nikachapa. Tafuta_ndugu. Vistari, jina. Vistari, umri, thelathini na tatu, thelathini na tisa. Vistari, mwaka wa mafuriko. Vistari, yaliyofungwa, hapana.

"Shemeji." Sauti ilitoka nyuma ya sikio langu. "Umeandika nini hapo mwisho?"

"Nimeandika hapana."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu siyataki yaliyofungwa! Mdogo wake hajafungwa, anatafutwa. Nafasi ipo, nimeijaza. Ungetaka niiache tupu?"

Bunda la karatasi likaanguka. Karatasi mia tano zilitawanyika mpaka chini ya benchi la wageni, na hakuna aliyeziokota.

"Huwa unaandika hivyo kila siku?"

"Kila siku."

"Na matawi?"

"Nimewafundisha mimi," nilisema, na hapo nikamwona uso.

Alishika kichwa kwa mikono miwili. "Ee Mungu wangu. Shemeji, haisomi hilo neno."

"Haisomi vipi?"

"Mimi nimeiambia iangalie kama kuna neno mbele ya yaliyofungwa. Likiwapo neno, lolote lile, inachukua ni ndiyo. Ndiyo ni ndiyo. Hapana ni ndiyo. Ukiandika 'mchicha' ni ndiyo. Hapana inayoisikia ni ile ya kutokuandika kitu kabisa." Alikuwa anaongea haraka mpaka miwani imemteleza puani. "Mimi siku zote naliacha. Sikuwahi kufikiria kwamba kuna mtu duniani atakaa aandike hapana."

Jamani, mtu wa namna hiyo yupo, na ni mimi. Miaka ishirini na sita nafundisha watu wasiache nafasi tupu. Kila nilipoiambia ile mashine hapana, ilichukulia kwamba naiambia ndiyo, ikaenda kwenye kabati la waliokwisha kupatana, waliofariki na waliokata tamaa, ikapekua huko kwa bidii, ikarudi mikono mitupu au na mmoja aliyekuwa amekata tamaa zamani. Miezi saba. Matawi kumi na moja. Tulikuwa tunawatafuta watu hai kwenye kabati la waliokwisha kuondoka.

"Lifute," alisema shemeji. "Futa neno na elekezo lenyewe. Acha tupu."

Mtaona ni ujinga, lakini vidole viligoma. Niliitazama ile nafasi tupu mwisho wa mstari nikahisi kama mtu anayetoka nyumbani bila viatu.

"Kaka karani," alisema Mama Funguo, ambaye hakuwa ameelewa hata neno moja ila alikuwa amesimama, "fanya anavyokuambia."

Nikafuta. Nikagonga kitufe.

Sekunde ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Kisha mstari mmoja ukatoka. Mmoja tu. Jina la mdogo wake, lile la utotoni. Umri, thelathini na sita. Kazi, mwoka mikate. Tawi, lile la mbali kabisa, mwendo wa siku mbili kwa basi. Amejiandikisha mwenyewe, miezi mitano iliyopita. Anamtafuta dada yake. Na kwenye nafasi ya "Unakumbuka nini?" karani wa kule alikuwa amejaza kama nilivyomfundisha, neno kwa neno: "Tulikuwa na mbuzi mweusi, tulimwita Waziri. Alikula kiatu changu."

Nilimsomea Mama Funguo kwa sauti. Nilipofika kwenye jina la mbuzi, alitoa mlio ambao siwezi kuuandika, akakaa chini sakafuni juu ya zile karatasi.

Hapo ndipo nilipopiga kelele. Nilipiga meza kwa ngumi mbili nikaita, "Yupo! Yupo! Yupo hai!" na mlinzi akaingia na rungu juu. Shemeji alinikumbatia mimi, kisha akamkumbatia Mama Funguo, kisha akamkumbatia mlinzi aliyekuwa haelewi kitu. Mkuu alitoka ofisini kwake kuuliza nani amekufa.

"Hakuna aliyekufa, mkuu!" nilimjibu. "Ndiyo habari yenyewe!"

Nikapiga simu tawi la mbali. Karani wa kule akatazama faili, akasema anamfahamu, lakini waokaji hufanya kazi usiku kucha na saa hizi huwa amelala na simu ameizima. Atatuma mtu kwa pikipiki akamgongee mlango. Tungoje.

Tukangoja. Mama Funguo alipewa maji, hakunywa. Na shemeji, ambaye kungoja hakumo kwenye damu yake, alivuta kiti akakaa kwenye kompyuta yangu, kiti changu, mezani kwangu, na nikamwachia.

"Sogea uone," aliniambia. "Hii tunaifanya wote wawili."

Aliifungua amri yake, mistari mingi iliyoingia ndani kwa ngazi ngazi. Akanionyesha mstari mmoja mfupi. "Ona. Hapa niliandika kwamba kinachofuata ni ndiyo au hapana. Nilijiona mjanja. Lugha hii ya kompyuta nayo, kwake neno ni neno, halijali linasema nini. Sasa natoa." Akafuta, akaandika kingine. "Kuanzia leo, yaliyofungwa halichukui neno mbele yake. Likiwapo, ni ndiyo. Lisipokuwapo, ni hapana. Mtu akiongeza neno, amri inakataa kabisa kwenda. Hebu andika hapana yako."

Niliandika hapana yangu. Mashine ikanijibu kwamba neno "hapana" hailitambui, na haikutafuta kitu. Nilifurahi kama nimetukanwa na rafiki.

"Na ongeza jambo lingine," nilisema. "Kabla haijaanza, iseme imeelewa nini. Mimi nikimtuma mtu dukani namwambia hebu rudia nilivyokutuma."

Alinigeukia polepole. "Shemeji! Hilo ndilo!" Akaniandikia hapo hapo. Sasa amri ukiigonga, kabla ya chochote inakuambia kwa Kiswahili safi: natafuta mtu fulani, umri kati ya huu na huu, kwenye mafaili yaliyo wazi. Ilinichukua muda kuelewa kwamba mstari ule umo ndani ya mashine za matawi yote na ulitoka kichwani kwangu. Nilipoelewa nilinyoosha kola.

Lakini furaha yetu ilikuwa na mchanga ndani yake, na aliyeusema ni yeye. "Wangapi tumewaambia bado?"

Kila utafutaji huandikwa kwenye kumbukumbu ya tovuti, tarehe, karani, na maelekezo aliyotumia. Alihesabu. Mia mbili na kumi na wanne, miezi saba, wote kwa neno hapana.

Nilimwambia, "Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyelitia hilo neno, nikalisambaza."

"Acha hizo. Uliambiwa ujaze, ukajaza. Mimi ndiye niliyetengeneza nafasi inayodanganya." Alikuwa tayari anachapa. "Tusilie bure, tuwatafute."

Akaunda amri mpya, nami nikimwangalia. Kurudia_utafutaji aliiita. Elekezo la kwanza, vistari viwili na neno tangu, na tarehe ya kuanzia, na bila tarehe haiendi. Elekezo la pili, vistari viwili na neno jaribio, lisilochukua neno lolote mbele yake, ambalo linaonyesha kitakachotokea bila kugusa faili la mtu. Akaiendesha kwanza kwa jaribio. Ilirudia yale maneno ilivyoelewa, mimi nikasoma kwa sauti, yeye akatikisa kichwa kukubali. Kisha akaondoa jaribio, akaniachia kitufe.

"Gonga wewe."

Nikagonga. Majina yakaanza kutoka. La kwanza baada ya sekunde nne. Mama na binti. Halafu kimya kirefu, nikafikiri ndiyo basi. Halafu mawili kwa mpigo. Halafu moja. Nilikuwa nayasoma kwa sauti kama mtangazaji wa mpira, mlinzi anahesabu kwa vidole, mkuu amevua koti, watu waliokuwa kwenye foleni wameacha benchi wamesogea mpaka kwenye meza na safari hii sikumrudisha hata mmoja. Thelathini na moja. Watu thelathini na moja walikuwa wamekaa kwenye kabati la wazi, wameandikwa vizuri, wanangoja tuwaulizie mahali walipo. Shemeji alikuwa anacheka na machozi yanashuka, miwani ameivua, na kila jina likitoka anasema, "Samahani. Samahani, bibi. Samahani, mzee. Njoo."

Mama Funguo hakuwa anaangalia skrini. Alikuwa anaiangalia simu.

Ikalia saa sita na dakika kumi. Nilibonyeza sauti ya nje ili asihangaike kuishika.

"Halo?" Sauti nzito ya mwanamume aliyeamshwa usingizini. "Nimeambiwa nipige namba hii. Kuna mtu anasema..."

Mama Funguo aliinamia simu. "Waziri alikula kiatu gani?"

"Cha kushoto," alisema mwanamume. Kisha tukasikia anavuta pumzi. "Dada?"

"Mimi."

"Dada, sikushuka." Maneno yalimtoka yote kwa pamoja, kana kwamba yalikuwa yamekaa mlangoni tangu siku ile. "Uliniambia nikae juu ya gunia, unakwenda kuchota maji, nisishuke mpaka urudi. Lori likaanza kwenda. Nilikuita. Wakaniambia ruka, ningeweza kuruka, lilikuwa linakwenda polepole, lakini ulisema nisishuke. Nilikaa juu ya lile gunia mpaka kesho yake, dada. Sikushuka."

Mama Funguo aliegemea meza yangu kwa viganja vyote viwili, grisi na yote, juu ya karatasi ambayo hakuitia saini.

"Najua, mdogo wangu," alisema. "Nimerudi. Sasa shuka."